Dada, ngoja: kufundisha skrini na pasi

Tatizo la klipu za kwenye simu ni kwamba zinaanzia katikati. Binti anakuja mazoezini na video fupi: Stephen Curry, nyota wa mpira wa kikapu wa NBA, ligi ya Marekani, anadaka mpira pembeni, anarusha, nyavu zinacheza. "Madam, tufundishe hii." Ninachokitafuta mimi kwenye video hiyo kimeshakatwa. Sekunde chache kabla ya hapo kulikuwa na mwenzake aliyesimama imara akamzibia njia mkabaji, hiyo ndiyo tunaita skrini, na Curry mwenyewe alikuwa akitembea kivivu kuelekea upande asioutaka, ndipo akachomoka. Aliyetengeneza klipu hakuona utamu wowote hapo, akaondoa. Ndiyo maana nina mabinti wanaoamini kwamba mchezaji mzuri hutokea tu yuko peke yake, mpira ukamkuta hapo hapo.

Nafundisha Jiografia katika shule ya sekondari ya kutwa upande wa Temeke, na jioni nafundisha kikapu cha wasichana. Uwanja wetu ni wa saruji, una nyufa ambazo kila mchezaji anazijua kwa miguu, na kuanzia saa kumi upepo wa baharini unavuka bila kuomba ruhusa. Nilicheza kikapu hapa hapa Dar es Salaam, kwa hiyo najua tunavyokulia kwenye mchezo huu. Unajifunzia nusu uwanja, mmoja kwa mmoja au watatu kwa watatu, na anayeshangiliwa ni yule aliyempitishia mwenzake mpira katikati ya miguu. Hata ukienda Don Bosco Upanga au JMK Park pale Kidongo Chekundu, watu watapiga kelele kwa chenga na kwa mpira uliozuiwa angani. Sijawahi kusikia uwanja ukilipuka kwa sababu mtu kaweka skrini. Sasa wewe kocha unamwomba mtoto wa miaka kumi na tano akimbie, asimame, agongwe kifuani, halafu mwenzake ndiye afunge na kupigiwa makofi. Lazima uwe na maneno ya kumwambia.

Mimi huanza na sheria, maana sheria inawapa kitu cha kushika. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, anayeweka skrini anatakiwa awe amesimama, miguu yote miwili iko chini, na mwili wake hauchomozi nje ya nafasi yake pale watu wanapogusana. Mkabaji akiwa amesimama na anakuona, yaani umemjia kwa mbele au ubavuni, unaruhusiwa kumsogelea karibu utakavyo ilimradi usimguse. Ukimjia kwa nyuma asikokuona, umwachie hatua moja ya kawaida. Akiwa kwenye mwendo, umwachie nafasi ya kusimama au kubadili njia, hatua moja hadi mbili. Haya yote nayachora kwa chaki kwenye saruji, na duara la miguu nalichora mara mbili ili waone mtu anaruhusiwa kuenea kiasi gani.

"Kwa hiyo madam, yeye ndiye amekuja kunigonga, mimi sina kosa?" aliniuliza binti mmoja wa kidato cha pili.

"Huna kosa."

"Na refa anajua?"

Walicheka wote, lakini swali lilikuwa zuri. Refa anajua, ila refa anaona kile ulichomwonyesha. Skrini iliyosimama kabisa inajieleza yenyewe. Ile inayotikisika kidogo inaacha uamuzi kwenye filimbi ya mtu mwingine, na hapo usilalamike.

Kwa hiyo nawafundisha kutua. Waende mbio kwa mkabaji, wasiende kwa matembezi, kisha watue kwa miguu miwili kwa mpigo mmoja, miguu imepita mabega kidogo kwa upana, magoti yamekunjwa, mikono imepishana kifuani. Huwa nageuka na kuwapa mgongo, nasikiliza. Raba mbili zikitua pamoja kwenye saruji zinatoa mlio mmoja, pa! Nikisikia pa-pa, huyo bado anatembea, na nasema "rudia" bila kugeuka. Mwanzoni walidhani nina macho kisogoni. Siku hizi wanasikilizana wenyewe na kuchekana.

Cha pili ni pembe. Watoto wengi wanaweka skrini mahali, wakati wa kuzuiwa ni mtu. Wanakimbilia ile sehemu waliyoelekezwa kwenye mchoro, wanasimama pale kwa heshima zote, na mkabaji anapita mita moja pembeni yao akiwa hana hata habari. Nikishaona hivyo nachukua mpira, nasimama pale ambapo mwenzake anataka kupokelea. Kama naona namba yote ya mgongoni ya mweka skrini, pembe iko sawa, kwa kuwa mgongo wake unatazama mahali mwenzake anapokwenda. Nikiona nusu ya namba, mlango uko wazi upande mmoja na mkabaji atapita hapo. Namba ya jezi imenisaidia kuliko mchoro wowote, na wao wenyewe wanaweza kukaguana bila mimi.

Lakini haya ya kusimama na kugeuza mgongo yanafundishika kwa wiki chache. Mtu anayenimalizia muda ni yule anayeitumia skrini.

Kila mtu anaondoka mapema. Sijui ni umri au ni hizo klipu. Binti anamwona mwenzake anakuja kumwekea skrini, na mwili unamwasha, anachomoka kabla mwenzake hajatua. Mkabaji wake anaondoka naye, wanapishana na skrini ambayo bado inakuja. Sasa mtazame mweka skrini: amekimbia mita sita, amefika, mtu wa kumzuia huyo anampita. Anafanya nini? Anasogeza nyonga. Ananyoosha goti. Filimbi inalia, faulo ya ushambuliaji, mpira unakwenda kwa wapinzani, na kwenye karatasi ya meza jina linaloandikwa ni la mweka skrini. Nimeiona faulo hiyo mara nyingi mno kiasi kwamba siku hizi ikipigwa, macho yangu hayaendi kwa aliyepigiwa filimbi. Namtazama aliyeshindwa kusubiri.

Wachezaji husema kusubiri kunapoteza muda, na kwa mchezo wenye sekunde 24 za kushambulia hoja hiyo ina uzito kwa masikio ya mtoto. Kwa hiyo tunahesabu kwa sauti, timu nzima. Mwenzako anapoanza kukukimbilia, hesabu moja, mbili, na kwenye mbili ile raba inatua. Basi, ni hicho tu unachoombwa kusubiri. Na wakati unahesabu huna likizo: mpeleke mkabaji wako upande wa uongo, hatua mbili tatu za polepole, mtazame kama umechoka, umfanye aamini kwamba unakwenda chini ya kikapu. Halafu badilika ghafla. Ukipita, pita bega lako likisugua nyonga ya mwenzako, kama abiria anayejipenyeza mlangoni mwa daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni. Ukiacha nafasi ya kupitisha hata kiganja, mkabaji naye atapita.

Hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo sikulisoma kwenye kozi yoyote ya ukocha. Shuleni kwetu, kama shule nyingi, mdogo hamwiti mkubwa kwa jina. Wa kidato cha kwanza na cha pili wanawaita wa kidato cha nne "dada", na dada hapangiwi. Sasa mweka skrini ni wa kidato cha pili, anayeitumia ni nahodha wa kidato cha nne. Mdogo anamwona nahodha anaondoka mapema. Anajua, maana yeye ndiye ataandikiwa faulo. Ananyamaza. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakupiga kelele, akatazama chini, akasema, "Madam, siwezi kumfokea dada."

Na pasi nazo zilikuwa hivyo hivyo. Kwa muda mrefu nilidhani mabinti wadogo hawaoni uwanja. Wanaona vizuri sana. Namba 9 yuko peke yake chini ya kikapu, mwenye mpira amemtazama kabisa, macho yamekutana, halafu mpira unakwenda kwa nahodha aliyekabwa na watu wawili. Ile ilikuwa pasi ya heshima. Asipompa dada, dada atanuna, na kesho yuko naye kwenye foleni ya maji. Huwezi kuitibu pasi ya aina hiyo kwa zoezi la kurusha mpira ukutani.

Sikutaka kuondoa heshima yenyewe. Mimi mwenyewe nimelelewa nayo, na wazazi wao wasingenielewa. Tulichofanya ni kuipa nafasi ndani ya mchezo. Nilimwita nahodha pembeni nikamwambia kwamba kuna kitu kimoja anachoweza kuwapa wadogo zake ambacho mimi siwezi: ruhusa. Akakaa nao chini ya mwembe bila mimi. Sijui alisema nini. Mazoezi yaliyofuata nikasikia kisauti chembamba kutoka upande wa pili wa uwanja: "Dada, ngoja!" Na dada akangoja. Raba ikatua, akapita, mpira ukamfikia mikononi. Tangu hapo hiyo ndiyo ishara yetu. Wapinzani wanaisikia, nao wanajua skrini inakuja, na haiwasaidii sana, kwa sababu kujua kwamba ukuta unakuja upande wako wa kushoto hakukuambii mwenzako ataupita vipi.

Atapita vipi, inategemea mkabaji. Hapa ndipo ninapokataa kuwapa watoto michoro mingi. Nawapa maswali matatu. Mkabaji anakufuata nyuma kwa nyuma? Zunguka skrini, kata kwenda kikapuni. Amekatiza upande wa pili wa skrini ili akuwahi mbele? Usimfuate alikokwenda, rudi nyuma kuelekea kona, atakuwa mbali nawe kwa skrini nzima. Ameshaisikia skrini na anairuka mapema, amekaa juu ya njia yako? Iache skrini, kata nyuma yake moja kwa moja. Hayo matatu yanatosha kwa msimu mzima wa shule. Nimeona makocha wakiwafundisha watoto wa sekondari michezo kumi na miwili yenye majina, na mkabaji akibadilika kidogo tu wote wanatazama benchi.

Kata ya nyuma, yaani kuchomoka mgongoni mwa mkabaji kwenda kikapuni, ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nina mfano wa kuwasimulia. Mwaka 1996 huko Marekani, chuo cha Princeton, kilichokuwa na wachezaji ambao hakuna aliyewahofia, kiliwatoa chuo cha UCLA, mabingwa wa vyuo wa mwaka uliotangulia, kwa pointi 43 kwa 41. Kikapu cha mwisho kilitokana na kata ya nyuma na pasi ya kudunda kutoka kwa senta wao, yule mrefu wa kucheza karibu na kikapu. Mabinti wangu hawaijui Princeton, lakini wanaelewa 43 kwa 41: hayo ni matokeo ya kwetu kabisa, tena sisi tunafunga hata pungufu.

Nimetaja senta kwa makusudi. Nchini kwetu mtoto akirefuka tu anaambiwa awe Hasheem Thabeet, yule kijana wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, pale timu zinapochagua wachezaji wapya, mwaka 2009. Ni fahari, sikatai. Ila matokeo yake ni kwamba mtoto mrefu anapelekwa chini ya kikapu, anaambiwa anyooshe mikono, na hakuna anayemfundisha kupasi tena. Nilimpokea binti wa namna hiyo. Akipewa mpira alikuwa anaushika kwa mikono miwili juu ya kichwa, anatafuta mtu wa kumrudishia haraka kama vile amepewa mzigo usio wake. Nilimwonyesha mechi nzima za Nikola Jokić, mtu aliyechaguliwa wa 41 mwaka 2014 na bado akawa mchezaji bora wa NBA mara tatu, 2021, 2022 na 2024, akitumia zaidi macho na vidole kuliko kuruka. Nikamhamisha kutoka chini ya kikapu hadi kwenye kona ya mstari wa mitupo huru, nikamwambia kazi yake ya kwanza akipokea mpira ni kutazama kikapu, kwa maana ukitazama kikapu unaona kila anayekata. Miezi kadhaa ilipita bila faida yoyote inayoonekana. Halafu siku moja akampasia mwenzake nyuma ya mkabaji kwa mpira wa kudunda, kwa mkono mmoja, na akashtuka mwenyewe.

Kuhusu pasi, niseme machache, maana hapa vitabu vimejaa na uwanja wetu una masharti yake. Upepo unaua pasi ya juu. Pasi ya kutoka upande mmoja hadi mwingine juu ya vichwa, ambayo ndani ya ukumbi ni nzuri, kwetu inapinda, na mpira uliochakaa unateleza kwa vumbi. Tunapasi fupi, kwa kifua au kwa kudunda, na tunapitisha karibu na sikio la mkabaji, kwa kuwa mikono ya watu iko chini au iko juu, mara chache iko sikioni. Danganya juu, pitisha chini. Danganya chini, pitisha juu. Lenga mkono wa mpokeaji ulio mbali na mkabaji, na mpokeaji auonyeshe mkono huo mapema, kiganja wazi. Na usisimamishe mpira mapema: mwenye mpira akiacha kudundisha wakati skrini bado inajengwa, amejifunga miguu, hawezi tena kusogea hatua moja pembeni kutafuta njia ya pasi. Mara nyingi hatua hiyo moja ndiyo pasi yenyewe.

Kubwa zaidi ni saa ya kupasi. Mpira unatakiwa uondoke mkononi wakati mwenzako yuko begani kwa mweka skrini, kabla hajaonekana wazi. Ukisubiri awe wazi kabisa, mkabaji ameshapona. Sasa utajuaje kama anazunguka au anarudi kona, na bado hajafanya? Kwa kumtazama mtu yule yule anayemtazama yeye. Mpasiaji anamsoma mkabaji, mwenye kukata anamsoma mkabaji, mweka skrini naye anamsoma mkabaji huyo huyo. Wakiona kitu kimoja, mpira na mtu wanakutana mahali ambapo hakuna aliyepaita. Wakiona vitu viwili, mpira unakwenda mtaroni, na mtaro wetu uko nyuma tu ya mstari wa mwisho, kwa hiyo adhabu ni ya papo kwa papo.

Zoezi linalofundisha hayo ni mechi ya wanne kwa wanne bila kudunda. Ni nusu uwanja, kudundisha hakuna, na ukikabwa kwa karibu una sekunde tano tu kama sheria inavyosema. Ni zoezi chungu kulitazama wiki ya kwanza. Wote wanakimbilia mpira mikono imenyooka, "nipe, nipe", na mwenye mpira amezungukwa na watu saba. Ninakaa kimya. Baada ya muda mmoja anagundua kwamba njia pekee ya kumsaidia mwenye mpira ni kumkimbia, na njia pekee ya kumfungua mwenzake ni kumwendea mkabaji wake. Nikaongeza kwamba kikapu kilichotokana na skrini kina thamani mara mbili. Watoto wajanja: siku ya pili kila mtu anamsimamia kila mtu, skrini zimejaa uwanja mzima, hazimzuii mtu yeyote, mradi pointi ziongezeke. Nikaweka mwamuzi kutoka benchi, binti mwenye kifundo kilichoteguka, na sharti likawa kwamba mkabaji awe amelazimika kubadili njia. Yule mwamuzi alikuwa mkali kuliko mimi.

Ndiye pia aliyekabidhiwa daftari. Nilikwambia makofi ndiyo shida, basi tukatengeneza makofi yetu. Kwenye kaunta buku ya timu, mbali na pointi, ribaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtu kukosa kikapu) na asisti (pasi zilizozaa kikapu), kuna safu ya skrini zilizozaa kikapu. NBA nao siku hizi wanahesabu kitu hicho hicho, kwa hiyo nikawaambia hatujabuni ujinga. Majina ya wiki yanabandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya walimu. Binti ambaye hakuwahi kufunga pointi nyingi alikaa juu ya orodha hiyo karibu muhula mzima, na mama yake, ambaye alikuwa na mashaka na huu mchezo wa kurudi nyumbani magharibi, alikuja kuuliza, "Hiyo skrini ndiyo nini, mwalimu? Maana anaisema hata wakati wa kula." Nilimwonyesha pale pale ofisini, nikamsimamisha mwalimu wa Hisabati awe mkabaji. Mama akacheka, akasema, "Kumbe ni kumzibia mtu njia."

Wengine huuliza kwa nini nawafanya mabinti wafupi waweke skrini kwa warefu. Huwa najibu kwa jina moja: John Stockton. Ana asisti 15,806 NBA, hakuna aliyemfikia, na alikuwa mtu mdogo kwa viwango vya kule. Lakini waliokuwa wakikutana na timu yake, Utah Jazz, walikuwa wakilalamikia pia skrini zake za nyuma kwa majitu ya ndani, akimfungulia mwenzake Karl Malone njia ya kikapuni. Mpasiaji bora na mweka skrini msumbufu walikuwa mtu mmoja, wala si bahati. Aliyejua kusoma mkabaji wa mwenzake kwa ajili ya pasi, alimsoma pia kwa ajili ya skrini.

Kwenye mechi moja ya UMISSETA ngazi ya wilaya tulikuwa nyuma kwa pointi chache, robo ya tatu. Wapinzani walikuwa na senta mrefu aliyekuwa akila kila mpira uliopanda. Kiungo wetu, mfupi kuliko wote uwanjani, alimpasia namba 9 pembeni, kisha badala ya kwenda kuomba mpira tena kama alivyokuwa akifanya zamani, akashuka polepole kama anakwenda kona. Akageuka. Akatua nyuma ya yule senta, hatua moja pembeni, kama chaki inavyosema. Binti wetu mrefu alikuwa kwenye kona ya mstari wa mitupo huru, mgongo wa senta ukiwa umeegemea upande wa mpira. Nikasikia, "Dada, ngoja." Akangoja. Akapiga hatua moja kuelekea mpira, senta akapiga naye, akakata nyuma. Senta alipogeuka kumfuata alikutana na kifua cha mtoto wa kidato cha pili, wote wakayumba. Mpira wa namba 9 ulikuwa umeshaondoka, ukadunda mara moja, ukamfika mrefu mikononi chini ya kikapu. Filimbi haikulia. Benchi letu liliinuka lote, na walikuwa wanamnyooshea kidole aliyekuwa bado anajifuta vumbi, siyo aliyefunga.

Tulifungwa mechi ile, niseme ukweli. Robo ya nne walikuja na dawa: kila tukiweka skrini, wanabadilishana watu. Mkabaji wa mweka skrini anamchukua anayekata, na mwenzake anabaki na mweka skrini. Tukajikuta tunaweka skrini nzuri kabisa ambazo hazimfungui mtu.

Ndiyo kazi tuliyo nayo sasa. Ukibadilishana watu, kuna nukta moja ambapo wakabaji wote wawili wanamtazama anayekata, na mweka skrini hana mtu. Kwa hiyo nawafundisha kutosubiri kugongwa: ukisikia wanaitana "badili!", usitue, teleza moja kwa moja kikapuni mikono iko juu, ukitazama mpira. Na yule aliyefunguliwa akienda ndani, wewe utoke nje. Akitoka nje, wewe uingie ndani, msikae mahali pamoja. Wameelewa haraka upande huo, hasa wale wafupi, ambao wamegundua kwamba kumbe skrini nayo inaweza kukupa kikapu.

Tabu iko kwa mpasiaji. Nimemfundisha mwaka mzima kumsoma mkabaji wa anayekata, na sasa namwambia katikati ya safari ahamishe macho kwa mtu mwingine, apitishe mpira kwenye upenyo ambao unafunguka na kufunga kabla hujamaliza kusema "badili". Nusu ya pasi hizo bado zinaishia mtaroni. Tumeweka zamu ya kuufuata mpira, na nahodha mpya, ambaye mwaka jana hakuweza kumfokea dada, amejipangia zamu ya Jumatatu.